Samaki kuwa hai si ushahidi kwamba tope ni safi: niliyoyaona kwenye ini la samaki wa Mto Elizabeth (uzi mrefu)

#1 Binti_Mtoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi humu ndani mtu mmoja aliandika kwamba mlango wa mto fulani hauna tatizo lolote, "maana samaki wamejaa, kungekuwa na sumu si wangekufa?" Wengi wakamuunga mkono. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu kuliko uzi wake, nikaona nilifungulie uzi wake lenyewe.

Nimezaliwa Mtoni, Dar es Salaam, baba yangu alikuwa mvuvi. Sasa naishi Virginia, Marekani, na riziki yangu inatoka maabara. Nakata maini ya samaki vipande vyembamba sana, navipaka rangi na kuvipanga kwenye vioo vya darubini. Kazi yenyewe haina makuu, ila imenifundisha jambo ambalo baba hakuwahi kulijua, na ningependa wavuvi wa kwetu walijue.

Nianze na mahali penyewe. Mto Elizabeth unaitwa mto lakini ni mkono wa bahari. Maji ya chumvi yanajaa na kupwa katikati ya miji ya Norfolk, Portsmouth na Chesapeake. Kuna bandari, manowari, na kiwanda cha meli kilichoanza mwaka 1767. Na kuanzia 1926 hadi 1992, ukingoni upande wa Portsmouth, kulikuwa na kiwanda cha Atlantic Wood kilichokuwa kinatia mbao na nguzo dawa ya kriosoti. Hata kama jina hamlijui, harufu yake mnaijua. Ni ile dawa nyeusi ya nguzo za umeme na mataruma ya reli, inayozuia mchwa na kuoza. Inatengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe.

Kriosoti ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ikivuja haielei ikaenda zake. Inazama, inajishika kwenye chembe laini za tope, inakaa. Wataalamu wanaliita tope hilo mashapo, yaani kila kinachotulia chini: tope, mchanga, mabaki ya majani. Maji ya juu yanabadilika kila siku, lakini tope linabaki na uchafu wa miaka sitini.

Mara ya kwanza nilipofungua chupa ya tope la aina hiyo, chumba kizima kilinuka kama uwanja wa nguzo mpya. Niliongeza maji kidogo nikatikisa, juu ukaja utando wenye rangi za upinde wa mvua. Na juu ya tope kama hilo kulikuwa na samaki wanaishi, wanakula, wanazaana.

Anaitwa mummichog. Ni mdogo, urefu wa kidole, hukaa kwenye majani ya kingoni, na watu wa huku humtumia kama chambo. Ni mgumu ajabu. Anavumilia maji ya chumvi na yasiyo na chumvi, joto kali, na maji yaliyoishiwa oksijeni. Mwaka 1973 alipelekwa angani kwenye kituo cha Skylab. Sasa mtu akikwambia "mto ni mzima, mummichog wamejaa", ujue hajakwambia kitu.

Mwaka 1990 Wolfgang Vogelbein na wenzake wa taasisi ya sayansi ya bahari ya Virginia walichapisha walichokikuta baada ya kuwafungua samaki hao mbele ya kiwanda kile. Zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa na madoa au vinundu kwenye ini vinavyoonekana kwa macho. Theluthi moja walikuwa na saratani ya ini. Tope la pale lilikuwa na miligramu 2,200 za kemikali za kriosoti kwa kila kilo. Samaki waliotoka sehemu mbili zenye uchafu kidogo hawakuwa na vidonda hivyo.

Hao samaki walikuwa hai. Walikuwa wanaogelea. Nitaendelea, nawapa nafasi muulize.

#2 Mzee_wa_Ng'ambo

Nimeweka kambi hapa. Endelea binti yangu.

#3 Kemia_Changamwe

Mleta uzi, hongera, lakini nina swali la msingi. Mimi ni mtu wa kemia. Ukitaka kujua kama tope lina sumu si unachota tope unalipima? Samaki wa nini katikati? Samaki anatembea. Leo yuko hapa, kesho yuko kilomita ishirini. Ushahidi wake mimi siuamini.

#4 Binti_Mtoni

Mkuu Kemia, swali lako ni zuri na lina sehemu mbili.

Kuhusu kutembea. Ndiyo maana samaki hachaguliwi ovyo. Mummichog wakati wa kiangazi hazunguki zaidi ya mita kama 36 hadi 40 za ukingo mmoja. Watu waliwawekea alama, wakawaachia, wakawavua tena palepale. Kwa hiyo ini lake linasimulia habari za ule ukingo wake, si za ng'ambo. Angekuwa jodari ningekubaliana nawe moja kwa moja, hafai kwa kazi hii. Kule pwani ya magharibi, ghuba ya Puget Sound, hutumia samaki bapa, ndugu wa gayogayo wetu, kwa sababu analala juu ya tope na chakula chake ni minyoo ya tope. Huyo anatembea zaidi kidogo, lakini maisha yake yote yako chini.

Kuhusu kupima tope lenyewe, tunalipima pia. Ila mashine inakuambia kilichomo, haikuambii kinafanya nini. Tope mbili zinaweza kuwa na kiasi kilekile cha sumu, moja ikaua na nyingine isidhuru, kwa sababu kwenye ile ya pili sumu imeshikwa na vipande vya makaa au mabaki ya mimea na mnyama hawezi kuinyonya. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa mashapo wanapima mambo matatu pamoja. Kemia ya tope, viumbe vinavyowekwa kwenye tope hilo maabara kuona kama vinadhurika, na wanyama wanaoishi pale penyewe. Kimoja kikipingana na viwili, unarudi kutafuta sababu.

Upate picha ya hizo miligramu 2,200. Kuna kipimo kinachotumika sana Marekani: jumla ya kemikali hizi ikipita takriban miligramu 45 kwa kilo ya tope, madhara kwa viumbe yanategemewa mara nyingi. Hapa tulikuwa karibu mara hamsini ya hapo.

#5 Tabibu_wa_Maabara

Mimi nakata vipande vya binadamu hospitalini, huku Kanda ya Ziwa. Nimefurahi sana kukuta mwenzangu wa samaki. Dada, ini la samaki huyo mdogo unalisomaje? Seli zake zinafanana na zetu?

#6 Binti_Mtoni

Karibu sana mwenzangu! Kazi ni ileile: formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), nta, kisu cha mashine, kipande cha maikromita tano, rangi ya bluu kwa viini vya seli na ya waridi kwa sehemu nyingine.

Ini zima la mummichog kwenye darubini lina mpangilio unaopendeza, kama ukili uliosukwa na bibi anayejua kazi. Mistari ya seli inakwenda na kurudi, katikati yake vijia vya damu. Ugonjwa hauji siku moja. Kwanza unaona kisiwa cha seli ambazo rangi yake imetofautiana na jirani zake, nyekundu zaidi au bluu zaidi, ila mpangilio bado upo. Hicho kisiwa ndicho tunachokitafuta kwa bidii, maana ni dalili ya mapema. Baadaye kisiwa kinakuwa uvimbe wenye mpaka. Mwisho mpaka unapotea, ukili unafumuka, seli zinarundikana na kuingilia zile nzima.

Kwa macho, ini la samaki mzima ni laini na rangi yake ni moja. La mgonjwa lina vinundu vyeupe au vya njano, vingine kama punje ya uwele, vingine vimekula nusu ya ini. Samaki mwenyewe kwa nje anang'aa tu, mapezi yote yapo. Nilipokutana na hali hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza samaki wangapi tulikula nyumbani bila kutazama ini, tukalitupia paka.

#7 Muuza_Samaki_Feri

Hapo kwenye kula ndipo ninapotaka kujua. Dada, kwa hiyo nyama ya huyo samaki ina sumu? Mimi nauza, watu wataniuliza.

#8 Binti_Mtoni

Mkuu, kuna sumu za aina mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Za aina ya kwanza zinakaa mwilini. Zebaki ni mojawapo, na dawa nyingi za zamani za wadudu. Karibu na hapa kuna Mto James. Mwaka 1975 gavana wa Virginia aliufunga kwa uvuvi kwa sababu ya dawa ya wadudu iitwayo Kepone, na vizuizi vikadumu zaidi ya miaka kumi. Kepone ilikuwa ndani ya mwili wa samaki. Unampima samaki unaikuta.

Kemikali za kriosoti (huku tunaziita PAH kwa kifupi) ni za aina ya pili. Samaki ana ini linalozishughulikia haraka. Minyoo inaliwa, PAH zinaingia, kimeng'enya (enzyme) kwenye ini kinaanza kuzibadili ili ziyeyuke kwenye maji, kisha zinatolewa kupitia nyongo kwenda utumbo. Ukipima nyama yake unakuta kidogo sana, unaandika "samaki safi". Lakini wakati wa kubadilishwa, baadhi ya PAH zinageuka kuwa kitu kikali zaidi kuliko zilivyoingia. Kitu hicho kinajibandika kwenye DNA ya seli za ini, seli inanakili makosa, na baada ya miaka kunatokea kile kisiwa nilichomweleza Tabibu.

Kwa hiyo kwa PAH, nyama itakudanganya. Nyongo inakuambia amekula nini siku chache zilizopita, maana mabaki ya PAH yakipigwa mwanga maalumu yanang'aa. DNA inakuambia ya wiki na miezi. Vidonda vya ini vinakuambia ya miaka. Samaki mmoja ana saa tatu tofauti ndani yake.

Kuhusu wateja wako, kidonda cha ini la samaki hakimwambukizi mtu saratani. Ila ni onyo kuhusu tope la pale. Na kome, chaza na kamba hawawezi kuzitoa PAH vizuri kama samaki, hao ndio wa kuwa nao makini zaidi kutoka sehemu chafu.

#9 Kemia_Changamwe

Nimekuelewa kuhusu nyongo, hilo sikulijua na nalichukua. Lakini kuna kitu hujakigusa. Kama kriosoti ilikuwa mara hamsini, iweje kizazi baada ya kizazi wasiishe? Hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

#10 Binti_Mtoni

Mkuu, umeingia pale ninapopapenda kuliko pote.

Ukichukua mayai ya mummichog wa sehemu safi ukayaweka kwenye maji yaliyochanganywa na tope la Atlantic Wood, vijusi vinaharibika moyo. Badala ya moyo uliojikunja vizuri unakuta uzi mwembamba unaotetemeka, kijusi kinavimba na kufa. Ukichukua mayai ya mummichog wa pale pale kiwandani ukayaweka kwenye tope lilelile, yanaanguliwa salama.

Walizoea kwa njia ngumu kuliko zote. Vizazi na vizazi wasioweza walikufa, wachache wenye vinasaba vya kuhimili wakabaki wakazaana. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha kazi ya Andrew Whitehead na wenzake waliosoma vinasaba vya samaki hawa kwenye bandari chafu nne: New Bedford, Bridgeport, Newark na huku kwetu Elizabeth. Kote nne, samaki walikuwa wamebadilika kwenye njia ileile ya mwili, ile inayopokea taarifa ya sumu na kuwasha kile kimeng'enya cha ini. Kwa maneno mengine kengele imezimwa. Baadhi yao wanahimili sumu maelfu ya mara kuliko ndugu zao wa sehemu safi.

Ona sasa mtego ulipo. Moja ya vipimo rahisi vya uchafuzi ni kuangalia kama kile kimeng'enya kimewaka kwenye ini. Kwa samaki aliyezima kengele, kipimo kinasoma chini. Unaandika ripoti kwamba tope ni salama, kumbe umempima aliyenusurika vita! Ndiyo maana mahali kama hapo unaleta samaki wa sehemu safi, unawaweka ndani ya vizimba juu ya tope kwa wiki kadhaa, kisha unawalinganisha na wenyeji.

Na uhimilivu huo haukuja bure. Richard Di Giulio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliona kwamba watoto wa samaki hawa wa Elizabeth, kwenye maji safi, wanadhurika kirahisi zaidi oksijeni ikipungua. Na wakizeeka, saratani inawapata vilevile. Kengele iliyozimwa iliwavusha utotoni tu.

#11 Mwana_wa_Makupa

Dada umenigusa. Mimi nimekulia kando ya Makupa, Mombasa. Miaka mingi tuta la barabara lilizuia maji yasipite, na jaa la Kibarani likawa linamwaga uchafu ukingoni. Sasa daraja limejengwa, maji yanapita, watu wanasema samaki wamerudi. Kila mtu anafurahi. Baada ya kusoma hapa nimeanza kujiuliza wamerudi juu ya tope gani.

#12 Binti_Mtoni

Kaka, maji kupita tena ni jambo jema sana, usilidharau. Oksijeni inarudi, na samaki wadogo wanapata njia. Lakini tope halibadiliki kwa kasi ya maji. Swali lako ndilo hasa la kuulizwa, na jibu lake haliji kwa kutazama kutoka darajani.

Na nisiwaache na habari mbaya peke yake. Inawezekana kusafisha, na samaki ndiye anayethibitisha. Eagle Harbor, jimbo la Washington, kulikuwa na kiwanda kingine cha kriosoti. Kuanzia Septemba 1993 hadi Machi 1994 walifunika tope chafu kwa mchanga safi. Watafiti wakaendelea kuwavua samaki bapa mwaka hadi mwaka. Mwanzoni hali ilipanda na kushuka, kisha vidonda vya ini vikapungua wazi. Huku Elizabeth, Atlantic Wood iliingizwa mwaka 1990 kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya sumu yanayopaswa kusafishwa. Baadaye walijenga ukuta wa chuma majini, wakachimba tope baya wakalifungia nyuma yake. Sehemu nyingine ya mto huohuo, Money Point, nayo ilichimbwa na kufunikwa, na saratani kwenye ini za mummichog wa pale ikapungua.

Vioo vya kabla na vya baada nimewahi kuvitazama siku moja, kimoja baada ya kingine. Ukili ulikuwa umesukwa tena.

#13 Mzee_wa_Ng'ambo

Mashallah.

#14 Nahodha_Kizinga

Shikamoo dada, au marahaba kama nimekuzidi umri. Mimi ni mvuvi, huku huku Mtoni ulikotaja. Sina elimu ya maabara. Navua mkizi, hongwe na kaa. Hongwe siku hizi nikimpasua naona ini lina madoa wakati mwingine, nilikuwa nadhani ni umri. Msimbazi nako wenzangu wanasema hivyohivyo. Je, ni haya unayosema?

#15 Binti_Mtoni

Kaka Nahodha, salamu zako zimenifikisha nyumbani.

Sitakwambia ndiyo, wala sitakwambia hapana. Madoa kwenye ini yanaweza kuletwa na minyoo, mafuta mengi, kipindi cha kutaga, na umri kweli. Macho peke yake hayatoshi. Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu, unapita katikati ya jiji na kubeba uchafu wake wote hadi Salenda, kwa hiyo sababu ya kuuliza ipo. Lakini kumtangaza mgonjwa kabla ya kipimo ni kuwaharibia wenzako soko.

Hongwe ni chaguo zuri, anafukua tope. Mkizi naye anakula tope, ila anasafiri zaidi. Kama kuna mtu wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania) au wa chuo yuko tayari kupokea, fanya hivi.

Usimgandishe. Barafu inapasua seli na darubini haitaona kitu. Mfikishe akiwa hai, kwenye ndoo ya maji ya palepale, au mwenye formalini awe nawe ufukweni. Formalini usiishike wewe, ni kali kwa macho na mapafu. Ini linaanza kuharibika dakika chache tu baada ya kufa.

Chukua wakubwa. Saratani inataka miaka, ukileta vitoto utapata maini mazuri na utajidanganya. Usichague wenye madoa tu, leta wote ulioopoa, wazima na wabaya, vinginevyo hesabu inapinda.

Kwa ajili ya nyongo, samaki ambaye hajala saa kadhaa ana kifuko kilichojaa. Aliyetoka kula amekwisha kuimwaga. Kwa hiyo andika saa ya kuvua, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, na mahali hasa. Chota na tope la hapohapo, lile laini la juu, uliweke kwenye chupa ya kioo safi. Plastiki inaweza kunyonya baadhi ya kemikali na kuharibu kipimo.

Na jambo watu wanalolisahau kila mara: vua pia mahali unapopaamini, mbali na mji, hongwe haohao, ukubwa huohuo, msimu huohuo. Bila hao huna cha kulinganisha nacho. Vogelbein na wenzake wasingekuwa na zile sehemu mbili nyingine, ile theluthi isingemshtua mtu.

#16 Tabibu_wa_Maabara

Nahodha, vioo vikishapatikana nitumieni picha, mimi na dada tutavisoma kila mtu peke yake, kisha tulinganishe. Ndivyo tunavyofanya hospitalini.

#17 Nahodha_Kizinga

Nimeandika yote kwenye karatasi, mwanangu amenisaidia. Pa kulinganisha nitakwenda kusini, zaidi ya Kimbiji, kule maji bado ni maji. Bamvua inaingia wiki ijayo. Kesho nakwenda kuulizia nani atapokea, nikirudi nitaandika hapahapa.